Karakana ya umeme wa magari mjini Njombe: jinsi difrosta ya Noah yetu ilivyopimwa na kutengenezwa

Karakana ninayoiandikia hapa ni ndogo, iko mjini Njombe upande wa barabara ya kwenda Makambako, na kazi yake ni moja tu: umeme wa magari. Niliipelekea Toyota Noah ya familia ambayo difrosta ya kioo cha nyuma, yaani kifaa cha kufuta ukungu kwenye kioo kwa joto, ilikuwa imekufa kabisa, na ile ya kioo cha mbele ilikuwa ikipuliza hewa ya baridi muda wote. Nimeridhika na huduma niliyoipata kiasi cha kuona kwamba wenye magari wa nyanda za juu wanastahili kuelezwa kazi ilivyofanyika, hatua kwa hatua. Ninaisifu zaidi kwa sababu fundi alipima kabla ya kufungua, na hakubadilisha kifaa hata kimoja ambacho mita ya kupimia umeme haikuwa imekihukumu.

Kwa msomaji aliyezoea joto la pwani, difrosta ni kitufe ambacho anaweza kumaliza miaka bila kukigusa. Njombe mambo ni mengine. Mji huu uko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi huwa za baridi kali. Kule Makete, upande wa Kitulo, barafu nyembamba hulala juu ya nyasi na kuunguza viazi shambani. Gari lenye abiria saba waliofunga vioo hujaa pumzi zao kwa muda mfupi, unyevu huo hukutana na kioo kilichopoa, ukageuka matone madogo madogo, na dereva akabaki anaendesha kwa kukisia. Katika barabara ambayo malori ya mbao na viazi hutokea ghafla ndani ya ukungu, kukisia kunaweza kuua. Kioo cha mbele mtu anaweza kukifuta kwa kitambaa huku anaendesha, jambo ambalo lenyewe si salama, lakini cha nyuma hakifikiki kwa mkono, na anayerudi kinyumenyume stendi alfajiri bila kuona kitu nyuma yake anaweka roho za watu rehani.

Kabla ya kufika hapo nilikuwa nimeshauriwa na karakana nyingine ninunue kioo kizima cha mitumba, kisafirishwe kutoka Dar es Salaam, kibandikwe upya. Ushauri huo ulitolewa bila mtu yeyote kufungua kisanduku cha fyuzi. Ninautaja kwa kuwa najua wengi wameambiwa hivyo hivyo, na kwa kuwa kioo cha mitumba chenyewe hakina uhakika wowote: kinaweza kufika na mistari iliyokatika vilevile, na kama hitilafu iko kwenye nyaya za gari, kitabandikwa kikiwa kizima na bado hakitapata moto.

Katika karakana hii fundi alianza kwa maswali, na maswali yake yalikuwa ya mtu anayejua anachotafuta. Alitaka kujua kama taa ya kitufe inawaka ninapokibonyeza, kama tatizo lilianza ghafla au lilikuja likipungua kidogo kidogo, kama tinti ya kioo cha nyuma imewahi kubanduliwa, na kama waipa ya nyuma na taa ya namba zinafanya kazi sawasawa. Nilipomjibu kwamba waipa ya nyuma hugoma mara moja moja, hasa baada ya mlango kufungwa kwa nguvu, alitikisa kichwa na kusema, “Mzee, hiyo tutairudia. Lakini tusikisie, tupime kwanza.”

Ili wasomaji wafuatane nami, nieleze kidogo kifaa chenyewe. Ile mistari ya rangi ya kahawia inayoonekana kwenye kioo cha nyuma imetengenezwa kwa mchanganyiko wenye madini ya fedha, ukachomwa juu ya kioo upande wa ndani kiwandani. Pembeni, kushoto na kulia, kuna mikanda miwili mipana inayosimama wima: mmoja hupokea umeme wa betri, mwingine unakwenda ethi, yaani kwenye bodi ya gari ambako umeme hurudi betri. Mistari yote inachota kutoka mkanda mmoja na kumwaga katika mwingine, kama mifereji ya vinyungu, zile bustani za bondeni, inayochota kwenye mfereji mkuu mmoja, kila mmoja kwa njia yake. Kwa hiyo mstari mmoja ukikatika, ni huo tu unaokufa, na mingine inaendelea kupata moto. Hapo ndipo penye ufunguo wa uchunguzi wote. Ikiwa mstari mmoja au miwili tu ndiyo haifuti ukungu, tatizo liko kwenye kioo. Ikiwa yote imekufa kwa mpigo, kioo kina nafasi ndogo sana ya kuwa na kosa, na mtu atafute kwenye fyuzi, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), swichi, nyaya, au mahali nyaya zinaposhikana na mikanda ile.

Yangu ilikuwa imekufa yote. Fundi aliwasha injini, kwa sababu difrosta ya nyuma inakula umeme mwingi na kuipima kwa betri pekee ni kuimaliza betri, kisha akafungua kisanduku cha fyuzi. Katika magari mengi ya aina hii fyuzi ya difrosta ni kati ya ampia 20 na 30, na mara nyingi imeandikwa DEF au DEFOG kwenye mfuniko. Hakuitazama kwa macho tu. Aliipima pande zote mbili ikiwa mahali pake, na volti zilikuwa sawa. Halafu akaniomba nibonyeze kitufe huku yeye ameweka kidole juu ya rilei, akasikia inagonga. Kugonga peke yake hakumridhisha, kwa sababu rilei inaweza kugonga na bado chuma chake cha ndani kikawa kimeungua kisipitishe umeme, hivyo akapima mguu wa kutokea: volti 13.8. Mpaka hapo umeme ulikuwa unatoka mbele ya gari ukiwa mzima.

Jambo moja alilonieleza wakati huo lingewaokoa wengi na hofu. Difrosta ya nyuma katika magari mengi ya Toyota hujizima yenyewe baada ya muda wa kama dakika 15, na taa ya kitufe huzimika nayo. Wapo wanaofikiri imeharibika kumbe imefanya kazi yake na kupumzika.

Alipofika nyuma, alitoa plastiki ya pembeni na kupima kwenye soketi iliyo karibu na kioo. Sifuri. Umeme uliotoka kwenye rilei ulikuwa umepotelea njiani, na hapo ndipo alipoirudia habari ya waipa. Mlango wa nyuma wa Noah unafunguka kwenda juu, na nyaya zote zinazouhudumia zinapita ndani ya mpira wenye mikunjo ulio karibu na bawaba. Kila mlango unapofunguliwa nyaya zile zinakunjwa, na unapofungwa zinanyooshwa, na gari la biashara au la familia kubwa hufanya hivyo mara nyingi kwa siku. Alivuta mpira ukatoka kwenye tundu lake, akaukunjua taratibu, na mle ndani tukaona: waya mnene wa difrosta umekatika kabisa, shaba yake imegeuka rangi ya kijani, na jirani yake, waya wa waipa, umebaki na nyuzi chache tu zinazogusana na kuachana. Ubovu wa difrosta na kugoma kwa waipa vilikuwa na chanzo kimoja, na maswali ya mwanzoni ndiyo yaliyoonyesha njia.

Namna alivyouunga waya ule ndiyo inayonifanya niwe na imani na karakana hii. Wengi husokota ncha mbili, wakazungushia utepe, wakafunga mpira, na kazi hiyo hukatika tena mahali palepale kwa sababu kiungo kigumu kimewekwa kwenye mkunjo. Yeye alikata sehemu yote iliyochoka, akaweka kipande kipya cha waya laini wenye unene uleule, na viungo vyake akavipeleka nje ya mkunjo, kimoja upande wa mwili wa gari na kingine ndani ya mlango. Alivilehemu, akavifunika kwa mipira inayosinyaa kwa joto, kisha akafungua na kufunga mlango mara nyingi huku mita imeunganishwa, aone kama namba zinatikisika. Hazikutikisika. Unene wa waya si jambo la kupuuza: kioo cha nyuma kinaweza kuvuta zaidi ya ampia 10, na waya mwembamba utapata moto wenyewe badala ya kuupeleka kwenye kioo.

Pia alipima ethi, hatua ambayo mafundi wengi huiruka. Aliweka ncha moja ya mita kwenye mkanda wa upande wa ethi na nyingine kwenye bodi ya gari wakati difrosta inafanya kazi. Namba inayotakiwa hapo ni karibu na sifuri. Ikisoma volti moja au mbili, boliti ya ethi imeshika kutu na sehemu ya nguvu inapotea bure. Yetu ilikuwa na kutu kidogo, akaisugua kwa msasa na kuikaza.

Baada ya hapo kioo kikapata moto, lakini si chote. Aliujua ukweli huo kwa njia rahisi ambayo mtu anaweza kuitumia nyumbani: alikipulizia kioo mvuke hadi kikafunikwa, akawasha, na tukasimama tunatazama. Mistari mizima inajichora kwanza, ukungu ukifutika juu yake na kuenea taratibu kwenda kwa jirani, na ile iliyokufa inabaki chini ya ukungu. Mistari mitatu ilibaki.

Kutafuta mahali mstari ulipokatika ni kazi nzuri kuitazama. Fundi alizungushia kipande kidogo cha karatasi ya aluminiamu kwenye ncha ya mita, ili ile sindano isikwaruze mstari, akaibana kwa kidole juu ya kioo. Ncha nyingine aliiweka kwenye ethi. Mstari mzima hushuka polepole kutoka volti kama 13 upande wa kuingilia mpaka sifuri upande wa ethi, na katikati yake husoma karibu nusu, yaani volti 6 au 7. Mstari uliokatika hausomi nusu. Ukisoma volti zote katikati, basi umekatika mbele kuelekea ethi. Ukisoma sifuri, umekatika nyuma kuelekea upande wa kuingilia. Kutoka hapo alisogeza kidole kidogo kidogo, na mahali namba iliporuka ghafla kutoka 13 hadi sifuri akaweka alama kwa kalamu upande wa nje wa kioo. Kovu lenyewe halikuonekana kwa macho mpaka alipolimulika kwa taa.

Sababu ya makovu hayo nayo alinieleza bila kuficha. Mawili yalitokana na mizigo: magunia na ncha za mbao zinazosugua kioo barabarani. La tatu lilikuwa refu zaidi, karibu na ukingo wa chini, na lilikuwa na umbo la wembe. Mwenye gari wa zamani alikuwa ameondoa tinti kwa kukwangua. Tinti hubandikwa upande wa ndani, juu kabisa ya mistari hii, na anayeikwangua kwa wembe anaikwangua difrosta pamoja nayo. Anayetaka kuiondoa aipashe joto kwanza na kuivuta polepole, akifuata mwelekeo wa mistari, na akiweza aache kazi hiyo kwa mtu mwenye uvumilivu.

Makovu mawili mafupi yalitengenezwa kwa rangi ya fedha inayopitisha umeme, ambayo huuzwa katika chupa ndogo yenye brashi nyembamba. Alisafisha mahali pale kwa spiriti, akabandika utepe juu na chini ya mstari ili kuacha mwanya wa upana uleule, akapaka, akasubiri ikauke, akapaka tena, halafu akaondoa utepe kabla rangi haijagumu kabisa. Maagizo ya rangi aliyoitumia yanataka iachwe saa 24 kabla ya kuwasha difrosta, na hakukubali niwashe mapema ingawa nilikuwa na hamu ya kuona matokeo. Kovu lile refu la wembe hakuligusa. Alisema rangi hiyo inafaa mwanya wa sentimita moja au mbili. Ikipakwa kwa urefu mkubwa zaidi haiwi imara, na hakutaka kunitoza pesa kwa kitu kitakachokufa baada ya wiki chache. Kwa hiyo mstari mmoja wa chini haufanyi kazi mpaka leo, na sioni upungufu wowote, kwa sababu joto la jirani yake linafika pale kwa kuchelewa kidogo.

Kuhusu kioo cha mbele nitakuwa mfupi zaidi, ingawa watu wengi watakuta tatizo lao liko huko. Kioo cha mbele cha magari mengi hakina mistari. Kinategemea hewa ya moto inayopulizwa kutoka chini ya dashibodi, na moto huo unatoka kwenye maji ya injini yanayopita ndani ya redieta ndogo ya hita. Fundi alishika mipira miwili inayoingia kwenye hita hiyo, yote ikawa vuguvugu tu hata baada ya injini kukaa muda mrefu ikiunguruma. Akauliza kama gari limewahi kuchemsha. Jibu lilikuwa kwenye injini yenyewe: themostati, yaani vali inayozuia maji yasiende kwenye redieta kubwa mpaka injini ipate joto, haikuwemo. Ilikwisha kutolewa na fundi fulani wa zamani, kama inavyofanywa katika karakana nyingi nchini, kwa imani kwamba gari lisilo na themostati haliwezi kuchemsha. Mahali penye joto madhara yake hayaonekani haraka, lakini Njombe asubuhi maji yanazunguka kwenye redieta kubwa tangu injini inapowaka, injini haifiki joto lake, mafuta yanatumika zaidi, na difrosta ya mbele inapuliza baridi. Alifunga themostati mpya ya kufunguka kwenye nyuzi joto 82, akajaza kulanti, maji maalumu ya kupozea injini, badala ya maji ya bomba, akatoa hewa kwenye mfumo, na hewa ya moto ikaja.

Aliongeza maelekezo ambayo ningependa kila dereva wa ukanda huu ayasikie: unapofuta ukungu kioo cha mbele, washa AC pamoja na hita, na uzime kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. AC inakausha hewa hata kama umeiweka kwenye joto, na hewa ya nje, hata ikiwa ya baridi, kwa kawaida hubeba unyevu mdogo kuliko pumzi za abiria. Na ikiwa kioo kinaacha utando wenye mafuta na gari linanukia utamu kila hita inapowashwa, hiyo ni dalili kwamba redieta ya hita inavuja kulanti, na hakuna namna ya kuufuta ukungu huo ila kuitengeneza.

Yapo mambo ambayo karakana hii inapaswa kuyarekebisha. Hakuna kibanda cha kutosha cha kufunika gari, na rangi ile ya fedha inahitaji mahali pasipo na vumbi. Tulilazimika kufunga milango yote na kulisogeza gari nyuma ya ukuta. Habari ya kuacha gari lilale pale sikuambiwa asubuhi, nikaijua jioni kazi ilipokuwa imeshaanza, na mtu aliyetoka Ludewa au Makete angepata shida ya malazi. Vipimo vyote vilisemwa kwa mdomo. Ningependa viandikwe kwenye karatasi, hata kwa ufupi, ili fundi mwingine akilifungua gari siku zijazo ajue kilichokutwa. Viungo vya rangi vinaonekana vyeupe zaidi kuliko mstari wa asili, jambo ambalo mimi halinisumbui lakini anayetaka kuuza gari alijue.

Malipo yalikuwa shilingi 60,000 kwa uchunguzi, nyaya, rangi na ufundi, na themostati pamoja na kulanti vikahesabiwa pembeni kwa bei ya dukani, nikionyeshwa risiti ya spea. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nilipewa bila kuiomba. Kwa kioo cha mitumba nilichoshauriwa kununua, nauli na gundi peke yake vingekaribia fedha hiyo. Kazi imedhaminiwa kwa miezi mitatu upande wa nyaya. Upande wa rangi hakuna dhamana, kwa kuwa gunia moja likisugua kioo linaweza kuikwangua siku hiyohiyo, na naona hilo ni la haki.

Anayetaka kwenda afike mapema asubuhi, kioo kikiwa bado na ukungu wake wa asili, aondoe mizigo yote nyuma, na asikisafishe kioo kwa ndani. Kama kina tinti juu ya mistari, aseme mapema, kwa sababu fundi atalazimika kukata ukanda mwembamba wa tinti ili aufikie mstari, na huanza kwa kuomba ruhusa ya mwenye gari. Gari pia lipangiwe kulala.